Mti Uliotaka Kununua Nyumba

"Umerudisha kaburi," alisema Rosaria. "Kaburi lililolipiwa, la marumaru, lenye jina lako. Umelirudisha kama mtu anayerudisha viatu vinavyombana."

"Jina walikuwa hawajalichonga," alisema Imma. "Walilichora kwa penseli tu. Wamelifuta kwa kitambaa cha maji, basi, kwisha."

"Dada, usinitanie."

"Sikutanii. Kitambaa chenyewe nilikiona."

Hao wawili ni ndugu wa tumbo moja. Mkubwa ni Immacolata Surace, mjane wa mtu mwema, ambaye mtaa mzima pale Coburg, upande wa kaskazini wa Melbourne, unamwita Imma. Mdogo ni Rosaria, naye alijaliwa sauti ambayo siku moja ilimteremsha paka wa jirani kutoka juu ya nguzo ya simu, na paka yule hakupanda tena kitu kirefu kuliko kiti mpaka anakufa. Walikuwa jikoni kwa Imma, asubuhi ya Jumamosi, na saa tano nyumba ile ile waliyokuwa wakigombania ndani yake ilikuwa inauzwa kwa mnada.

"Na Nunzio je?" aliuliza Rosaria. "Marehemu mumeo yuko pale ukutani, tundu la chini, anakungoja wewe ulale juu yake. Sasa watamwekea nani? Mtu asiyemjua. Labda Msicilia."

"Nunzio kalala na mimi miaka arobaini, na kila asubuhi alilalamika kwamba nampiga mateke. Mwache apumzike."

"Na wewe utazikwa wapi?"

"Hilo ni swali la mtakaobaki. Mimi leo natafuta pa kulala nikiwa hai."

"Kwangu kuna chumba. Kina dirisha. Kina kabati."

"Kina na wewe."

Rosaria akageuka akaanza kuosha vikombe vilivyokuwa safi. Yeye akikasirika huosha. Na hasira yake haikuwa ya bure, kwa maana watu wa kwao, wale waliotoka Calabria kwa meli, kaburi la ukutani hulinunua mapema wakiwa bado na meno yao, na Jumapili baada ya misa huenda kulitazama kama wengine wanavyokwenda kutazama kiwanja. Yeye na dada yake walinunua siku moja, safu moja. Walikuwa wamekubaliana hata nani atakaa upande wa jua.

Imma aliweka birika la kahawa motoni. Alikuwa amekwisha kuamua tangu wiki ile Mzee Haddow, mwenye nyumba, alipofariki, na bintiye aliyehamia kaskazini, Queensland, akamwagiza dalali aiuze. Alikuwa amekaa nyumba ile kama mpangaji tangu Rocco wake akiwa tumboni, na sasa Rocco mwenyewe ana kipara. Mtini wa uani aliupanda Nunzio kutokana na kijiti alichokificha ndani ya soksi, akawapita nacho maofisa wa bandari huku akichechemea, na tini zake huwa kubwa hivi kwamba mwaka mmoja tini moja iliangukia mfuniko wa pipa, jirani akapiga simu polisi. Lile jiko la kuni la gereji, pale wanapopika sosi ya nyanya ya mwaka mzima kila mwisho wa kiangazi, alilijenga Nunzio. Simba wawili wa saruji wa getini aliwabeba Nunzio kwenye tramu, mmoja mmoja, na kondakta akamtoza nauli ya watu wawili kila safari.

Mtu angeuliza, basi kwa nini hawakuinunua zamani, wakati nyumba zilikuwa bei ya mkokoteni? Ni kosa ambalo walilifanya wengi wa kwao. Walikuwa wanajenga kijijini. Kila mwaka Imma alishona soksi kiwandani, nusu ya miguu ya nchi ile imevaa soksi zake, na kila mwaka fedha zilikwenda ng'ambo kujenga nyumba ya ghorofa tatu kwenye kilima alikozaliwa Nunzio, ili siku wakirudi watu waone. Ghorofa ya kwanza ikaisha. Ya pili ikaisha. Ya tatu ikabaki vyuma vinavyotazama mbingu. Hapa walipanga, kwa sababu mwakani wanarudi. Mwakani yule hakuacha kufika kila mwaka, na kila mwaka alipofika aliwakuta wana jambo lingine. Mwishowe ghorofa ya pili, ile yenye upepo wa bahari, waliingia mbuzi wa shemeji. Imma amemuuzia shemeji huyo nyumba yote mwezi uliopita, kwa bei ambayo hata mbuzi wangeiona ndogo, akaongeza akiba ya soksi, akaongeza kaburi. Ndizo hizo. Hakuna nyingine.

"Hazitoshi," alisema Rosaria kwa vikombe.

"Najua."

"Sasa unakwenda mnadani kufanya nini?"

"Kusema mwisho."

Hapo panataka kuelezwa kidogo. Minada ya nyumba ya huko hufanywa barabarani, mbele ya nyumba yenyewe, na majirani wote hutoka na vikombe vyao vya chai. Mwenye nyumba ana bei yake ya siri. Watu wakiifikia, dalali hutangaza, "Sasa inauzwa," na kuanzia hapo nyundo ikianguka imeanguka. Wasipoifikia, haiuzwi barabarani. Mtu aliyetaja bei ya mwisho ndiye anayeitwa ndani, peke yake, kabla ya mwingine yeyote, akazungumze na mwenye nyumba. Wakishindwana, ndipo anaitwa mwenye mfuko mnene anayengoja getini. Imma hakuwa na fedha za kushinda mnada. Alitaka mnada ushindwe, na ushindwe mdomoni mwake.

"Na yule mjenzi?" aliuliza Rosaria.

"Clive Stavely hafungui mdomo mpaka asikie 'sasa inauzwa'. Nimemtazama minada mingi. Anaona kusema mapema ni ushamba."

Stavely huyo alikuwa na kazi ya kununua nyumba, kuivunja, na kupandisha mahali pake vyumba sita vya kupangisha vilivyobanana kama meno ya sega. Wiki nzima alikuwa akija kupima uwanja kwa hatua zake. Juzi Imma alimwona kupitia dirishani akiupiga mtini teke dogo, kama mtu anayejaribu gurudumu la gari. Teke lile ndilo lililompeleka Imma makaburini kurudisha marumaru.

Saa nne na nusu dalali aliingia bila kubisha. Desmond Pratley, mtu mnene mwenye tai iliyochorwa farasi, alikuwa ameuza nusu ya mtaa ule na nusu nyingine alikuwa anaingoja ife. Mkono mmoja alishika kengele. Nyuma yake alikuja mwanamke mrefu mwenye pua iliyoungua na jua la Queensland, akitazama juu, kwenye dari, kama mtu anayetafuta kitu alichokisahau huko.

"Bi Imma," alisema Desmond, akinusa. "Tulikubaliana leo iwe harufu ya kahawa. Si vitunguu saumu."

"Kahawa ipo. Iko chini ya vitunguu."

"Na zile soseji za gereji?"

"Zinakauka. Hazijui kama leo kuna mnada."

Desmond akamtambulisha mgeni: Bi Beverley, binti wa Mzee Haddow. Wakapeana mikono. Desmond akasema kwamba muuzaji hukaa sebuleni hadi mambo yaishe, maana si vizuri wanunuzi wamwone uso.

"Sebuleni kuna kelele za barabara," alisema Imma. "Akae chumba hiki cha pembeni. Kina jua, kina kiti cha Nunzio."

Chumba cha pembeni kilitenganishwa na jiko kwa mbao nyembamba na karatasi ya maua. Enzi za uhai wake Nunzio akikohoa huko ndani, vijiko vya jikoni viliitika. Beverley alimtazama Imma kwa kitambo, kisha akatazama ukuta, kisha akasema, "Hicho kilikuwa chumba changu nikiwa mdogo," akaingia, akafunga mlango taratibu.

Rosaria alimtazama dada yake vilevile. Aliosha kikombe kingine.

Kwa Imma mnada haukuwa jambo geni. Yeye na Nunzio waliufanya sinema yao. Kila Jumamosi, wakishatoka sokoni, walisimama kando ya barabara na mfuko wa karanga, wakatazama watu wakipoteza rangi za nyuso. Nunzio alibashiri bei, Imma alibashiri nani atalia. Na Desmond walimpungia mkono, naye aliwapungia, kwa sababu mtu wa jukwaani hupenda kuwa na watu wake. Baada ya Nunzio kufa, Imma aliendelea kwenda peke yake, na kupunga aliendelea kupunga.

Tena walimjua Desmond na mti wake. Siku hizo madalali walikuwa na tabia moja, na haikuwa siri kwa mtu yeyote isipokuwa wanunuzi. Watu wakinyamaza, dalali huinua macho juu ya vichwa vyao, akautazama mti ulio ng'ambo ya barabara, akatikisa kichwa kama anayeitikia, akasema, "Asante bwana, nimekuona." Bei imepanda. Nyuma hakuna bwana. Kuna mti. Nunzio ilikuwa kawaida yake, mnada ukiisha, kuvuka barabara, kuvua kofia, na kuupongeza.

Saa tano ilipogonga, Desmond alisimama kati ya wale simba wawili akapiga kengele. Watu walijaa kutoka uzio hadi uzio. Mzee Alf wa nyumba ya pili alileta kiti chake cha kukunja na blanketi. Stavely alisimama upande wa nyuma, mikono kifuani, anatafuna ubani wake polepole. Imma na Rosaria walisimama pembeni karibu na sanduku la barua, Imma amevaa koti lake la misa.

Desmond aliisifu nyumba. Alilisifu paa, akausifu uwanja, akasema jiko "lina historia". Mzee Alf akauliza choo nacho kina nini, watu wakacheka. Kisha bei ikafunguliwa na wanandoa vijana, mume ana miwani, mke ana koti la njano. Walitaja dola elfu tisini na tano kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha.

"Asante. Tisini na nane, asante bwana," alisema Desmond, macho yake yamepita juu ya vichwa.

Rosaria akageuka kutazama nyuma. "Nani huyo?"

"Mti," alisema Imma.

Vijana wakasema laki moja. Mti ukasema laki na tatu. Vijana wakasema laki na tano, mti ukawa na saba, na hivyo wakaenda wakipanda, wale wawili wakishikana mikono mpaka vidole vikawa vyeupe, na mti ule haujatikisa jani. Imma aliona huruma. Lakini alikaa kimya, kwa sababu huruma yake haikuwa na mahali pengine pa kulala.

Kwenye laki na kumi na sita yule mke alimvuta mumewe mkono. Desmond alikuwa amekwisha kuupungia mti: laki na kumi na saba. Akarudi kwa vijana, akawabembeleza, akawaambia elfu moja tu, elfu moja ni nini katika maisha ya mtu. Mke akatikisa kichwa. Mume akaondoa miwani akaifuta, na mtu akishafuta miwani mnadani, huyo amekwisha.

Desmond akautazama umati, umati ukamtazama Desmond. Sasa mwenye bei ya juu alikuwa mti, na mti hauwezi kuitwa ndani ukanywe kahawa na mwenye nyumba. Alimtupia jicho Stavely, jicho la mtu anayezama. Stavely alitafuna ubani. Hajasikia "sasa inauzwa", hasemi.

Imma akanyosha mkono.

Desmond akampungia. "Na wewe pia, Bi Imma," alisema, na watu wakacheka kwa upole.

Akanyosha tena.

"Tutasalimiana baadaye, mama. Niko kazini."

Wakacheka zaidi. Rosaria alimshika dada yake kiwiko, akamnong'oneza, "Shusha, watu wanakuona mwehu." Imma aliutoa ule mkono kiwikoni mwake kama unavyotoa uzi kwenye nguo. Akatembea mpaka kati ya simba wa Nunzio, akasimama uso kwa uso na dalali, na alikuwa mfupi hivi kwamba simba walikuwa karibu kumzidi.

"Sikusalimii, Desmond. Naongeza elfu moja juu ya mti."

"Juu ya nini?"

"Juu ya mti ule. Laki na kumi na saba umeipata kule. Kama una mkono, uunyoshe tuuone. Kama hauna, mimi laki na kumi na nane."

Umati wote ukageuka kwa pamoja kuutazama mti. Kunguru mmoja aliyekuwa juu yake akaona mambo yamekuwa makubwa, akaruka zake.

"Mti umejitoa, Desmond," alisema Mzee Alf kutoka kitini.

Watu walicheka mpaka mama mmoja akamwaga chai. Shingo ya Desmond ilipata rangi ya ini. Lakini alikuwa mtu wa kazi yake. Aliinama kidogo kwa Imma, kama mcheza dansi, akasema, "Laki na kumi na nane, kwa Bi Immacolata Surace," naye akalitamka jina lote bila kukosea. Akaingia ndani kushauriana na muuzaji. Alikawia. Aliporudi, watu walimtazama mdomo wasikie kama atasema yale maneno mawili.

Hakuyasema. Aliita bei mara ya kwanza. Alimtazama Stavely. Aliita mara ya pili, akamtazama tena, akakaribia kumkonyeza. Akainua macho juu ya vichwa, kwa mazoea, akakuta vichwa vyote vimegeuka kuulinda mti. Akayashusha.

"Haijafika bei," alisema. "Mazungumzo ni ya Bi Surace kwanza."

Stavely akatazama saa yake, akawasha sigara, akaegemea geti. Bibi kizee, mpangaji. Kwa mawazo yake, dakika tano zingetosha.

Jikoni, Imma alikaa kwenye kiti chake, kile kinachotazama mlango. Rosaria alibaki wima karibu na sinki. Desmond akaketi, akapiga kahawa yake funda moja.

"Bi Imma, nitakwambia ukweli, maana tumejuana. Anataka laki na ishirini na sita. Una ngapi?"

"Nilizotaja."

"Na baada ya hizo?"

"Na mia tano za kununulia padri chakula."

"Basi huna. Nakuheshimu, lakini huna. Nitoke nikamwite yule bwana."

"Kamwite. Atakaa wapi?"

"Si hapa."

"Hapa ni jikoni kwangu, Desmond. Pango nimelipa mpaka mwisho wa mwezi. Namkaribisha nimtakaye."

Desmond akatazama huku na huku. "Sebuleni, basi."

"Sebule nayo naipanga."

"Tutazungumza barabarani."

"Barabarani kuna mti. Utawapandishia bei."

Desmond alijaribu kukunja uso, uso ukakataa. Alicheka mpaka farasi wa kwenye tai akawa kama anakimbia. Kisha akajifuta macho, akainuka, akaingia chumba cha pembeni. Wakamsikia akizungumza chini chini, na wakamsikia Beverley akijibu kwa ufupi. Akarudi, akashika mgongo wa kiti, kisha akaketi tena.

"Laki na ishirini na tano. Ameshusha elfu kwa heshima ya baba yake. Zaidi ya hapo haendi, na yule bwana wa getini ana zaidi ya hapo mfukoni. Bi Imma, nitangojea kahawa hii iishe tu."

Imma akaongeza kahawa kwenye kikombe cha Desmond mpaka ukingoni. Halafu akamgeukia mdogo wake.

"Haya, Rosaria. Ulisema kwako kuna chumba. Nakuja. Nakuja na simba."

"Simba hawaingii kwangu."

"Nitawaweka kabatini. Si ulisema kuna kabati?"

"Unaona mzaha!" Sauti ya Rosaria ilianza kupanda, na vijiko kwenye droo vikaanza kuisikia. "Umemwacha mumeo na tundu tupu juu ya kichwa, kwa ajili ya nyumba, na sasa nyumba huna na tundu huna. Mtu wa namna gani anabaki hana pa kulala juu ya ardhi wala ndani ya ukuta?"

"Mtu wa kuhamia kwako."

"Na mzee yule! Mzee Haddow! Kila mwezi alikuja kuchukua pango, akaketi pale alipoketi huyu, akala tini mpaka ndevu zikanata. Mimi nilikuwepo. Akasema, Imma, nyumba hii haitatoka mikononi mwako. Yako wapi hayo maneno? Umeyaweka wapi? Yana mhuri?"

"Usimseme mzee," alisema Imma, na hapo hakuwa akitania. "Alisema kweli. Kifo hakikumngoja. Baridi ile ya mwisho hakuja kuchukua pango, alikuja kunywa supu, na pango nikamwekea mfukoni mwa koti bila yeye kujua, maana alikuwa amesahau alichokuja kufanya. Mtu wa hivyo hasemwi."

Upande wa pili wa karatasi ya maua, kiti cha Nunzio kililia mara moja. Kiti hicho hulia mtu akiegemea mbele.

Desmond akatazama ukuta. Akamtazama Imma. Polepole, mtu aliyeuza nyumba maisha yake yote, alianza kuelewa ni kwa nini muuzaji wake alipewa chumba chenye jua.

"Andika na la kwangu," alisema Rosaria.

"La kwako nini, mama?"

"Kaburi. Safu ile ile, tundu la tatu kushoto, upande wa jua. Jumatatu nalirudisha. Andika."

"Mimi siandiki makaburi."

"Leo utaandika. Linafikisha ngapi?"

Desmond akapiga hesabu hewani kwa kidole. "Laki na ishirini na moja na kitu. Bado, Bi Rosaria. Bado haifiki."

Imma alikuwa ameweka birika chini. Mambo mengine yote ya asubuhi ile alikuwa ameyapanga, toka vitunguu saumu hadi kiti, hili hakulipanga. "Rosaria, keti," alisema. "Lako silitaki. Nilitaka sauti yako tu."

"Najua ulitaka sauti yangu." Rosaria alisema haya kwa sauti ile ile ya kumteremsha paka. "Nimejua tangu ulipomweka yule mwanamke chumba kile. Unadhani ni nani aliyelala chumba kile miezi minane niliposhuka melini, nikiwasikia wewe na Nunzio mkinisengenya hapa juu ya kupika kwangu? Ukuta huu niliujua kabla yako."

"Sasa umeharibu. Amesikia."

"Na asikie! Kaburi nimelitoa kwa kweli, halina hila. Na asikie na hili pia: huyo wa getini ameupiga mtini teke. Mtini alioupanda marehemu kutoka kwenye soksi yake. Kama baba yake angekuwa hai, akamwona mtu anaupiga teke mti aliolia chini yake siku mkewe al—"

Mlango wa chumba cha pembeni ukafunguka.

Rosaria alibaki na mkono hewani. Desmond akasimama, kikombe kikamwagikia kwenye sahani yake. Beverley alisimama kizingitini, karatasi za mauzo zimekunjwa kwapani, kalamu mkononi, na kifuniko cha kalamu amekiuma kwa meno. Alitazama jiko, sinki, kiti kilichokuwa cha baba yake, ambacho Desmond alikuwa amekiacha wazi.

Imma akakisukuma kiti kile kwa mguu, chini ya meza, mpaka kikamfikia, naye akaketi, akazikunjua karatasi mbele ya Imma.